Betri Yake Inatoka?

Bumu likiingia, akili inatoka. Simsemi mtu, najisema mwenyewe. Mwaka wa pili, semista ya kwanza, hela ya Bodi ya Mikopo ilisoma kwenye akaunti siku ya Ijumaa, na Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa Kariakoo, mtaa wa Aggrey, natafuta viatu vya kufundishia. Viatu vinatafutwaje kwenye mtaa wa simu, msiniulize.

Kijana mmoja alikuwa ametandika turubai lake pembeni ya barabara. Juu yake kulikuwa na simu zilizopasuka vioo, chaja zilizofungwa kwa mpira kama mafungu ya mchicha, rimoti zisizo na televisheni, na katikati ya hayo yote iPod nano moja ya rangi ya fedha. Ile fupi, yenye kioo kidogo juu na gurudumu chini, ya mwaka 2007. Akaiwasha, ikawaka. "Dada angu, huyu ndio baba wa mziki," akaniambia. "Hawa wengine wote watoto."

Hakudanganya sana. Kwa wadogo zetu wa mwaka wa kwanza waliokua na simu janja mkononi: iPod ni kicheza muziki ambacho Apple walianza kukiuza mwaka 2001, kidude cha mfukoni kinachobeba nyimbo elfu na zaidi bila kaseti wala CD. Baadaye simu zikajifunza kazi hiyo hiyo, na Mei 2022 Apple wakatangaza kwamba wanaacha kuitengeneza. Kwetu Handeni mimi niliiona kwenye video za muziki tu, mikononi mwa watu wa mbali. Nikiwa mdogo niliamini mtu mwenye iPod hana shida nyingine duniani. Nikalipa elfu thelathini na tano. Viatu nikaazima kwa rumeti.

Haikuwa yangu lakini. Ilikuwa ya baba.

Baba ni mlinzi wa usiku mjini Korogwe, kwenye yadi ya vifaa vya ujenzi. Anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Mama na wadogo zangu wako kijijini, wilaya ya Handeni. Baba amepanga chumba kimoja Manundu na anakwenda nyumbani mara mbili kwa mwezi, kilomita 65 hivi mpaka Handeni mjini, halafu bodaboda. Hiyo ndiyo kazi iliyonisomesha. Watu wanadhani adui wa mlinzi ni mwizi. Baba anasema mwizi anaweza asije mwaka mzima. Anayekuja kila siku bila kukosa ni saa tisa ya usiku.

Dawa yake ya saa tisa ilikuwa redio. Nimekua nikiiona: redio kaseti nyeusi ya betri kubwa nne, antena imevunjika ikaunganishwa kwa kipande cha spoku ya baiskeli. Kaseti aliirudisha nyuma kwa kuizungusha na kalamu ya Bic ili asile betri. Betri zikichoka alizianika juani juu ya bati. Nilipokuwa kidato cha tatu nilimwambia, kwa kile kiburi cha mtu aliyeanza kufaulu fizikia, kwamba jua haliingizi chaji kwenye betri kavu, linaipasha moto tu, kemikali iliyobaki ndani inachangamka kidogo, basi. Akanijibu, "Sasa mi nataka nini zaidi ya kuchangamka?" Redio ile ilidumu mpaka mwaka niliomaliza kidato cha sita. Mvua ya masika ikaingia kwenye kibanda cha ulinzi, ikanyamaza.

Mtasema, si angetumia simu? Baba ana simu ya kitochi, ina redio na sehemu ya memori kadi, na betri yake inakaa siku mbili asipoigusa. Lakini bosi wake ana tabia ya kupiga saa yoyote ya usiku kuhakiki. Simu ikikutwa imezima, maana yake mlinzi kalala. Kwa hiyo chaji ya simu ile si ya muziki, ni ya kazi, na baba hata tochi yake haiwashi.

Basi ndiyo ikawa iPod. Kwenye karatasi hakuna cha kuishinda. Watengenezaji walisema nano ile ikijaa inaimba saa 24, nami nikapiga hesabu: zamu mbili. Rumeti wangu ana kompyuta yenye iTunes, tukakesha tukiingiza nyimbo. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za Tanga ambazo baba anazitaja kama anavyotaja majirani. Simba wa Nyika, maana wale ndugu wa Kinyonga walipita Jamhuri kabla ya kwenda Kenya. Mbaraka Mwinshehe. Marijani Rajabu. Nyimbo mia mbili na kitu. Likizo fupi nikashuka Korogwe nikamkabidhi.

"Hii ni simu?"

"Hapana baba. Ni mziki mtupu."

Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma ambako inang'aa kama kioo, akajiangalia meno. "Mziki mtupu," akarudia taratibu, kama mtu aliyesomewa cheo chake.

Tangu hapo kila nikipiga simu nilikuwa nauliza, "Inaimba?" Naye anajibu, "Inaimba, mama. Inaimba vizuri." Miezi mitano.

Mwezi wa saba majina ya mazoezi ya kufundisha yakabandikwa, nami nikapangiwa sekondari moja hapo hapo Korogwe. Wenzangu waliokuwa wakilia kupelekwa mikoa ya mbali waliniona nimebebwa. Usiku wa pili nilimpelekea baba ugali na dagaa kazini. Nilipokaribia geti nikasikia wimbo, nikajisikia vizuri, nikasema afadhali hela yangu haikupotea. Nikasogea. Sauti ilikuwa yake. Alikuwa akiimba mwenyewe, kwa sauti ya chini, na palipofika gitaa akalipiga kwa mdomo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mbona usiku huu?"

"Nimekuletea chakula. iPod iko wapi?"

Akafungua chombo cha dagaa kwanza, akanusa. "Ipo. Imepumzika."

Ilikuwa imepumzika tangu mwezi wa tatu.

Alinieleza huku anakula, na sikumkatiza. Kwanza kabisa, kile kidude hakina spika. Kina tundu la hedfoni tu, na mimi mwenyewe ndiye niliyemnunulia hedfoni za kuziba sikio vizuri, zenye mpira, nikajisifu kwamba kelele za malori hatazisikia. Mlinzi asiyesikia malori! Wiki ya tatu, saa nane usiku, bosi akaja bila taarifa. Akapiga honi mara tatu. Baba alikuwa ameketi pale pale kwenye kiti chake, macho wazi, mgongo getini, anamsikiliza Mbaraka. Bosi akashuka kwenye gari, akaingia kwa mlango mdogo, akamgusa bega. Asubuhi akapewa barua ya onyo inayosema amekutwa amelala zamu.

"Sikulala," baba akaniambia. "Ningelala ningesema."

Barua ya pili ikija, kazi hana. Mimi nilimnunulia kitu cha kumkesheza, kikaingia kwenye faili lake kama usingizi. Nimeandika insha nyingi hapa chuoni kuhusu matokeo ya elimu kwa familia, hakuna iliyonifundisha hili.

Akaendelea. Baada ya barua alivaa hedfoni sikio moja tu, akageuza kiti kitazame geti. Pengine ingewezekana hivyo, ila waya wa chaji ukakatika shingoni. Soketi ya chumbani kwake iko nyuma ya kitanda, waya ulikuwa ukijikunja kila siku. Sasa waya wenyewe ndio huu: ule wa zamani wa Apple, wenye mdomo mpana wa sentimita mbili na pini 30 ndani yake. Waliuweka kwenye iPod tangu 2003, na kuanzia 2012 wakahamia kwenye kitundu kidogo. Mwaka 2012 mimi nilikuwa darasa la tatu. Nilimnunulia baba kitu ambacho chakula chake kiliacha kupikwa nikiwa darasa la tatu.

Kesho yake baada ya vipindi nikatoka kuutafuta. Nilianzia stendi, nikaingia sokoni Manundu, nikaulizia kila kibanda chenye simu. Wengi walikuwa wastaarabu. Fundi mmoja aliushika waya uliokatika kama daktari anavyoshika picha ya eksirei, akamwita mwenzake aje aone, akasema, "Dada, huu mdomo mpana kwa hapa hapana. Jaribu Tanga mjini. Au muulize aliyekuuzia." Mwingine akanipa somo zuri kuliko yeye alivyojua. Akaniambia hata nikiupata, nyimbo nitaongezea wapi? Yeye hana iTunes. Kwake unaleta memori au flashi, unachagua nyimbo kwenye kompyuta yake, anakopi, anabandika, unalipa, unaondoka.

Nilikuwa nimelinganisha vicheza muziki kwa sauti, kwa ukubwa, kwa idadi ya nyimbo na kwa saa za betri. Sikuwa nimelinganisha nyumba ambazo vingeishi.

Nyumba ya Korogwe ina LUKU moja na wapangaji watano wanaochanga. Sheria ya mwenye nyumba ni taa na simu. Ukichomeka kitu asichokijua anasimama mlangoni mpaka umweleze kinakula yuniti ngapi. Kwa upande mwingine, nyumba ile ina kila aina ya chaja inayotumika mjini. Mmoja ana ile pini nyembamba ya Nokia za zamani, watatu wana maikro, vijana wana Taipu C. Yako ikiharibika unagonga mlango wa pili: "Jirani, niazime chaja." Huko Ulaya, tangu tarehe 28 Desemba 2024, simu mpya zote lazima ziwe na tundu la Taipu C kwa sheria, ili watu wasinunue chaja mpya kila wakinunua simu. Manundu jambo hilo linashughulikiwa na majirani, mradi usilete mdomo mpana.

Nyumba ya Handeni ni habari nyingine. Tanga yetu inafua umeme wa maji siku nyingi. Kituo cha Hale, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Korogwe, kina megawati 21 na kiliwashwa mwaka 1964. Kijijini kwetu nguzo zimefika shuleni na zahanati. Kuunganishiwa umeme wa vijijini ni shilingi 27,000, na mama anasema hizo angezipata, ila kutandaza waya ndani ya nyumba ya vyumba vitatu ni hela ya karo ya mtu. Kwa hiyo ana sola: kipaneli juu ya bati, taa tatu, na waya wa kuchajia wenye vichwa vitano kama pweza. Baba aliibeba iPod mpaka huko mara mbili, akiamini kwenye vichwa vitano kimoja kitaingia. Mama alijaribu kimoja baada ya kingine, mara zote mbili. Halafu akaifunga kwenye kipande cha kanga wakairudisha Korogwe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungetuma hela."

Kweli ningetuma. Na kweli nilitoa, pale pale, bila kufikiri tena, maana kiburi cha mwanafizikia hakifi mara moja. Nilinunua spika ndogo ya mviringo ya Bluetooth yenye sehemu ya memori kadi, tundu la maikro. Nikaona nimemaliza yote: ina spika, haina hedfoni, chaja yake kila jirani anayo. Betri yake ndogo inakaa saa tatu, basi nikaongeza pawa benki ya elfu kumi na tano iliyoandikwa mAh 20,000 ubavuni.

Usiku wa kwanza spika ikawaka taa za disko. Nyekundu, kijani, bluu, zinazunguka na mdundo, na hakuna kitufe cha kuzizima. Mtu yeyote aliyesimama barabarani angejua mlinzi yuko wapi, anatazama wapi, na anasikiliza wimbo gani. Baba akaifunika kwa kofia yake. Sauti nayo ikafunikwa. Pawa benki kila baada ya muda inajizima. Nilidhani mbovu, kumbe nyingi zimetengenezwa hivyo, zikiona mkondo unaovutwa ni mdogo sana zinadhani simu imejaa na zinakata. Kwa simu ni sawa. Kwa kispika kinachonyonya kidogo kidogo ni balaa, maana unaamka kila nusu saa kubonyeza. Baba alisema inamkesheza kuliko muziki wenyewe.

Wiki ya pili hata kubonyeza hakukusaidia. Nikaipeleka maabara ya shule, tukaifungua na mwalimu wa fizikia. Pawa benki ya kweli ya mAh 20,000 ina betri za ndani za volti 3.7, ukizidisha unapata nishati ya watt-saa 74, na chuma cha namna hiyo lazima kiwe kizito. Hii ilikuwa nzito kweli. Ndani kulikuwa na betri moja, na pembeni yake kifuko cha mchanga kilichobandikwa gundi kwa usafi kabisa. Mwalimu yule, mtu mzima, alicheka mpaka akatoa miwani. "Angalau mchanga haujachuja," akasema.

Nilikuwa na mada ya umeme mkondo kidato cha pili, na wanafunzi hawakuwa wananielewa. Siku iliyofuata nikawaambia kila mwenye chaja nyumbani aje nayo, hata mbovu. Nilipata chaja zaidi ya arobaini. Tukasoma maandishi madogo mgongoni: volti 5 ampea 1, volti 5 ampea 2, moja ya volti 9. Kama mnavyojua, sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na mpaka siku ile darasa langu lilikuwa kimya kama msikiti siku ya Jumanne. Chaja zilipotoka mifukoni Kiingereza kikasahaulika, kila mtu akawa na la kusema. Binti mmoja akauliza, "Madam, chaja ya ampea mbili haiui simu ya ampea moja?" Nikamjibu volti ndiyo inayosukuma, lazima ifanane, ampea iliyoandikwa ni uwezo wa chaja, simu inavuta inachohitaji tu. Kama bomba la kijiji na ndoo yako. Nikajiona mwalimu.

Mvulana wa nyuma, ambaye mjomba wake anachajisha simu za watu kwa hela, hakuvutiwa. "Sisi kwetu Madam hatuangalii hayo. Mtu akileta redio tunaangalia kama betri inatoka. Kama haitoki, ikifa betri imekufa yote."

Nikamuuliza redio gani. Kesho yake akaja nayo. Mnazijua, ziko kila soko: kiredio cha Kichina kinachoenea kwenye kiganja, FM, memori kadi, flashi, tochi mbele, kamba ya kushikia. Mgongoni kuna kifuniko, ukikivuta unakuta betri ya Nokia, BL-5C, ile ile ya simu za kitochi za tangu tuko wadogo. Nokia wenyewe waliitengeneza kwa ajili ya simu zao, viwanda vya China vikaona imeenea dunia nzima vikaanza kuunda redio za kuikaribisha. Betri inachomolewa, unaibana kwenye kobe, yaani kile kibanio chenye vidole viwili vya chuma, unakichomeka ukutani. Redio haihitaji kusubiri betri. Inapewa nyingine.

Nikaomba maltimita, nikapima mbele ya darasa. Kwa sauti ya chini kiredio kilivuta miliampea 140 hivi. BL-5C halisi ni mAh 1,020. Wakagawanya: saa saba na kidogo. Nikawaambia wapunguze, maana betri nyingi za sokoni ni za kuiga na hazifiki hapo. Tuseme saa tano, sita. Zamu ya mlinzi ni saa kumi na mbili. Mvulana yule akasema kabla sijaandika ubaoni, "Betri tatu Madam. Mbili za kazi, moja ya kukopesha."

Nilinunua Jumamosi hiyo hiyo. Kiredio elfu kumi na nane, betri mbili za nyongeza, kobe elfu tatu. Jumla ilikuwa chini ya nilichotoa Aggrey. Jioni nikaenda yadini, nimekificha mgongoni kama zawadi ya mtoto. Baba alikiona, hakuuliza kina nyimbo ngapi, hakuuliza bei.

"Betri yake inatoka?"

Nikabaki nimesimama. Alikuwa akijua siku zote. Mtu aliyebadilisha betri nne za redio kaseti kwa miaka yote ile, akazianika, akazipanga mbichi mbili na chakavu mbili ili zisukumane, angekosaje kujua? Ningemuuliza swali moja tu kabla ya kwenda Kariakoo, angenijibu kwa maneno matatu. Lakini nilikwenda kumnunulia alichokitamani mtoto wa Handeni aliyekuwa akiangalia video.

Nisikisifu sana kiredio. Sauti yake ni ya kopo. Besi hakuna kabisa, na gitaa la Mbaraka linalia kama limefungiwa kwenye bati la biskuti. Ukibadilisha betri saa inafutika na nyimbo zinaanza upya kutoka ya kwanza, kwa hiyo baba alisikia Atomic Jazz mara mbili kila usiku na Marijani hakumfikia hata siku moja. Nilitaka kurekebisha mpangilio wa mafaili, lakini akanitangulia. Alinunua memori ya pili kwa fundi wa stendi. Moja ni ya kabla ya saa sita usiku, ina Tanga yote. Nyingine ni ya baada ya saa sita, ina wenye kelele zaidi, na kwenye ncha yake amepaka rangi ya kucha ya mke wa jirani ili asizichanganye gizani.

Jumamosi na Jumapili kuna mpira, anahamia FM. Akienda Handeni anakibeba, na kule hakihitaji kobe, maana kina tundu la maikro ubavuni na kichwa kimoja cha pweza wa mama kinaingia. Siku ya jua kali kinajaa kabla ya adhuhuri. Siku za mawingu mama anachagua, redio au simu, na kwa kawaida simu inashinda. Mdogo wangu wa mwisho sasa anataka chake.

Bosi alikuja tena usiku mmoja mwezi wa tisa, siku chache kabla sijarudi chuoni. Baba ananisimulia kwamba honi haikulia. Alisikia gari likipunguza mwendo kwenye kona, akazima redio, akafungua geti, akasimama. Bosi akauliza ile redio ni ya nini. Akajibu ni tochi, ina redio ndani. Barua ya pili haijaja.

Wiki iliyopita alinipigia, saa tatu asubuhi, muda wake wa kulala. Nikashtuka.

"Hakuna tatizo," akasema. "Ukipita Kariakoo niangalizie ule waya wa mdomo mpana. Siku za mapumziko nataka niisikilize ile nyingine ndani, nimefunga mlango. Ile sauti yake, mama, ilikuwa nzuri."

Jana nimeuona, kwa kijana mwingine, turubai lingine. Elfu tano. Bumu bado halijasoma.